Hesabu ya Maji Yaliyovuja

Nimerudi Kumjap na daftari na penseli,
viatu vimeshika chumvi kabla sijafika shambani.
Mita inasema elfu tatu na mia moja kwa hekta.
Mwaka juzi, kwa mfereji wazi, ilikuwa elfu saba na ushee.
Ningekuwa mtu wa takwimu tu
ningepiga mstari chini, nikafunga, nikaenda zangu.

Mipira hii nimeifunga mimi.
Siku kumi na tisa za Machi, magoti kwenye tope la baridi,
tundu moja kila shubiri moja na nusu,
na mzee Ospan nyuma yangu, jembe begani,
kama askari aliyeambiwa vita vimekwisha
asiambiwe nani ameshinda.

Yeye ndiye aliyekuwa mirabu, mgawa maji.
Miaka thelathini na minne alilala na ufunguo wa lango
chini ya mto
(mto wa kulalia; ule mwingine, Amu,
ulikuwa ukikonda kila kiangazi).
Usiku wa zamu alipita na taa
akisikiliza shamba kwa sikio:
"La Perdebay limeshiba. Funga."
Maji yalipopungua, alitukanwa yeye na mama yake.

Nilimwonesha chujio, vali, geji ya presha.
Akaweka kidole kilichopasuka chini ya tundu.
Akangoja.
Tone.
Akangoja.
Tone.
"Huu," akasema, "unainywesha pamba kwa kijiko,
kama mgonjwa."
Nikajigamba: haba na haba, mzee.
"Na kibaba kikijaa," akauliza, "anakibeba nani?"

Sikumwelewa. Gari la kunirudisha liliondoka saa kumi.

Leo nimemwelewa, kisimani kwa Sarbinaz.
Mfereji wa zamani ulivuja, ndiyo;
tuliandika kwenye ripoti: hasara, asilimia arobaini.
Hasara ile ilipita chini kwa chini,
ikanywesha mforsadi wa kando ya njia,
ikaingia kwa Sarbinaz bila kubisha hodi,
akapikia chai, akaogeshea wajukuu, akamwagia vitunguu.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakumwona Sarbinaz akiyazoa miaka yote hiyo.

Sasa anashusha ndoo, kamba inakwisha,
ndoo inagonga pakavu, inarudi na mwangwi wake.
Hanilaumu. Ananiandalia chai kwa maji ya kununua,
na hilo ndilo linalouma.

Na yale karibu elfu nne tuliyookoa?
Niliapa mkutanoni, chaki mkononi,
kwamba yatarudi mtoni.
Perdebay amefungua hekta kumi na mbili mpya
upande wa mchanga.
Ana kibali. Ana risiti.
Ana mipira ileile; hata hiyo nimeifunga mimi.
Mto haukupewa hata glasi.

Sisemi turudi kwenye jembe.
Nimeyaona maji yale ya Juni yamelala mashambani,
jua likiyalamba, chumvi ikipanda nyuma yake
nyeupe kama sahani iliyooshwa,
pamba ikifa miguu imo majini.
Matone ni kazi njema. Ningeyafunga tena kesho.
Ila ningeanza na mstari nilioupita kwenye daftari:
Amu, kama mkulima mwingine yeyote,
zamu yake, siku na saa,
na chini yake jina la Sarbinaz.

Jioni nakagua mstari wa mwisho, kando ya njia.
Mforsadi ungali na majani.
Kwenye mpira, mkabala na shina,
kuna tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa:
limekaa upande, pana kidogo, kama la msumari,
na udongo chini yake umelowa.
Kanuni inasema: ziba, andika, toza faini.
Mzee Ospan yuko mbali, anakuna mgongo wa punda
kwa bidii isiyo ya kawaida.

Naandika elfu tatu na mia moja.
Nafunga daftari.
Tone.